Anayeusifu Mto na Anayelima Kando Yake

Kuna kauli moja ambayo vitabu vingi vya historia vinavyotaja Misri ya kale haviwezi kuipita: kwamba nchi hiyo ni zawadi ya Mto Nile. Wanafunzi huikariri, walimu huitungia maswali ya mtihani, na anayeieleza vizuri hupata alama zake. Kauli hiyo imetufikia kupitia kwa Herodotus, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, ambaye kwa kweli alikuwa akizungumzia zaidi ardhi ya delta iliyojengwa na matope ya mto. Baadaye kauli ikapanuliwa hadi ikawa maelezo ya ustaarabu mzima. Katika makala haya nataka kuihoji. Sisemi ni ya uongo. Nasema inaficha jambo, kwa sababu zawadi ina mpaji na mpokeaji tu, na mlimaji hana nafasi humo.

Hoja yangu ni hii: sehemu kubwa ya picha tuliyo nayo kuhusu misimu ya kilimo ya Wamisri imetoka kwa watu waliouangalia mto wakiwa wamesimama pembeni, yaani mgeni, mtunzi wa utenzi wa dini, na mwalimu wa makarani. Kila mmoja alikuwa na lake alilolitaka. Tukiyasoma maandishi yao kwa kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na kwa faida ya nani, tutaona kwamba barua za nyumbani za mtu mmoja aitwaye Heqanakht zinatuambia mengi kuhusu mafuriko kuliko tungo zote za sifa.

Mgeni aliona nini

Tuanze na Herodotus mwenyewe, maana wengi humtaja bila kumsoma. Katika kitabu chake cha pili anadai kwamba watu wa delta huvuna kwa taabu ndogo kuliko binadamu wengine wote. Hawahangaiki na plau wala jembe. Mto unakuja wenyewe, unanywesha mashamba na kuondoka, kisha mkulima anamwaga mbegu, anaachia nguruwe wazikanyage zizame udongoni, na kusubiri mavuno. Ni picha tamu ya kusimuliwa na msafiri. Ugiriki ni nchi ya vilima na mawe, ambako mkulima hungoja mvua na kuvunja udongo mgumu, kwa hiyo haishangazi kwamba udongo mweusi na laini wa Misri ulimvutia macho.

Lakini Wamisri wenyewe wanampinga. Kuta za makaburi yao zimejaa plau zinazovutwa na ng'ombe, majembe ya mbao, mundu, na watu walioinama. Katika kaburi la Menna huko Thebes, la yapata mwaka 1400 KK, tunaona kazi yote tangu kulima hadi kupepeta nafaka. Tunaona pia watu wakipima shamba kwa kamba, kwa ajili ya kukadiria mavuno na kodi. Kuna wasichana wawili waokota masazo wakivutana nywele, na mwingine anamtoa mwenzake mwiba mguuni. Mchoraji huyo aliyaona mambo ambayo msafiri hakuyaona.

Vilevile maji hayakufika shambani na kukaa humo bila kusimamiwa. Bonde liligawanywa kwa matuta makubwa ya udongo likawa na maeneo mapana ya kuhifadhia maji. Mto ulipopanda, maji yaliingizwa humo na kuzuiwa kwa wiki kadhaa ili ardhi ishibe na matope yatue. Baadaye yalifunguliwa yateremke kwenye eneo la chini au yarudi mtoni. Tuta likipasuka kabla ya wakati, upande mmoja ulizama na upande mwingine ulikauka. Kuyajenga matuta hayo, kuyaziba na kuyalinda kulihitaji mikono mingi kila mwaka, na watawala waliidai mikono hiyo kama kazi ya lazima.

Kuna dai jingine ambalo vitabu hulirudia: kwamba wakati wa mafuriko wakulima walikaa bila kazi, ndiyo maana wakapata nafasi ya kujenga piramidi. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, ziligunduliwa hati za mafunjo za kiongozi mmoja wa kikosi aitwaye Merer, aliyeishi wakati wa Farao Khufu. Kikosi chake cha watu wapatao 40 kilikuwa kikisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, na maji mengi ya msimu wa mafuriko yaliwarahisishia njia. Ukisoma kumbukumbu hizo huoni wakulima waliokosa la kufanya. Unaona watu waliopangwa, wenye mkuu wao na ratiba yao, siku baada ya siku. Hata pale shamba lilipokuwa chini ya maji, msimu ulikuwa na kazi zake.

Misimu mitatu na tatizo la kuipa majina

Wamisri waliugawa mwaka katika misimu mitatu ya miezi minne minne. Akhet ulikuwa msimu wa maji kufunika bonde. Peret ulikuwa msimu wa kuchomoza, ardhi ikichomoza majini na mimea ikichomoza ardhini. Shemu ulikuwa msimu wa mavuno na wa mto kupungua. Kila mwezi ulikuwa na siku 30, na siku 5 ziliongezwa ili mwaka utimie siku 365. Katika hali ya kawaida mto ulianza kupanda huko Aswan karibu na mwisho wa Juni, ukafikia kilele kati ya Agosti na Septemba, na kushuka kuanzia Oktoba. Ngano, shayiri na kitani vilipandwa mara tu maji yalipojitoa, udongo ungali laini, na mavuno yalianza karibu na mwezi wa Machi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, shida huanza pale anapotaka kuyatafsiri majina haya. Mtu anaweza kushawishika kuuita Akhet masika, lakini neno hilo linapotosha, kwa sababu masika ni mvua, na bonde la Misri karibu halinyeshewi. Maji yalikuja chini ya jua kali, mbingu ikiwa haina wingu. Neno mafuriko nalo limebeba uzito wa taarifa za habari. Tukilisikia tunawaza nyumba zilizosombwa na madaraja yaliyokatika. Kwa mkulima wa Misri, mafuriko ambayo hayakuja ndiyo yaliyokuwa habari mbaya. Nadhani neno la kutusaidia liko Rufiji, Tanzania, ambako wakulima huita mlau kilimo kinachofuata maji ya mto yanapojitoa. Mlau hautaji maji peke yake, bali unataja kazi inayofanywa baada ya maji. Mfasiri anayetafuta jina la kilimo cha Peret angeweza kuliazima neno hilo na kulifafanua, badala ya kutulazimishia misimu ya mvua mahali ambapo mvua haipo.

Kuna swali jingine ambalo kauli ya zawadi hailijibu: maji hayo yalitoka wapi? Sisi Waganda tunajivunia, na tuna haki, kwamba Nile hutoka Ziwa Viktoria pale Jinja. Hata hivyo, mafuriko ya Misri hayakutoka kwetu. Maji ya maziwa yetu hutiririka bila kubadilika sana mwaka mzima, na mengi yake hupotea katika vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini. Kilichoupandisha mto ni mvua za Juni hadi Septemba katika milima ya Ethiopia, zilizoteremka kupitia Nile ya Buluu na Mto Atbara pamoja na udongo wenye rutuba. Maji yetu yaliusaidia mto usikauke wakati wa Shemu, na maji ya Ethiopia yaliufanya ufurike wakati wa Akhet. Anayesema zawadi ya Nile bila kuitaja milima hiyo amemsahau hata huyo mpaji.

Tena, majina ya misimu yenyewe hayakutulia. Mwaka wa siku 365 kamili hupungukiwa na karibu robo siku, hivyo kalenda iliteleza siku 1 kila baada ya miaka 4. Baada ya karne kadhaa, miezi iliyoitwa ya Akhet iliangukia wakati mashamba yamekauka. Mwaka 238 KK, chini ya Ptolemy III, makuhani waliokutana Canopus walitoa amri ya kuongeza siku ya sita kila mwaka wa nne. Amri hiyo haikushika hadi utawala wa Kirumi wa Augusto ulipoyaleta marekebisho hayo upya. Kwa mhakiki, jambo hili lina funzo. Jina la msimu katika hati si lazima litueleze hali ya shamba. Karani aliandika tarehe kwa kufuata kalenda yake, na mkulima alitazama maji.

Utenzi wa Hapi: sifa bila kipimo

Hapi alikuwa mungu wa mafuriko. Alichorwa akiwa na tumbo nene na matiti yaliyoning'inia, ishara ya shibe. Utenzi wa kumsifu, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa Enzi ya Kati, ulinakiliwa mara nyingi katika Enzi Mpya, kwenye mafunjo na kwenye vigae, na wanafunzi waliokuwa wakisomea ukarani. Kwa hiyo tunauzungumzia utungo uliokuwa, miongoni mwa mambo mengine, kitabu cha shule.

Nauheshimu utenzi huu kwa mambo mawili. Kwanza, unajua thamani ya vitu. Unaweka chakula juu ya vito vya thamani, kwa sababu rahisi kwamba vito haviliwi. Pili, unakiri woga. Mungu akichelewa, nchi nzima inakosa pumzi, na mkubwa na mdogo wanakuwa maskini sawasawa. Isitoshe, Hapi hahongeki. Katika nchi ambayo Farao aliweza kuamuru karibu kila kitu, kukiri kwamba kuna jambo lisiloamrishwa si jambo dogo. Hapo ndipo utenzi unaposema kweli.

Udhaifu wake ni kwamba unasema kwa hisia na hausemi kwa kipimo, na maisha ya mkulima yalikuwa ya kipimo. Jiwe la Palermo, lenye kumbukumbu za wafalme wa mwanzo, linaonyesha kimo cha mafuriko mwaka kwa mwaka kwa dhiraa na visehemu vyake. Katika kisiwa cha Elephantine kulikuwa na ngazi zenye alama za kupimia maji. Karne nyingi baadaye Pliny wa Roma aliripoti kwamba dhiraa 12 zilimaanisha njaa na 16 zilimaanisha furaha. Tofauti ya dhiraa 4 tu, ambazo ni karibu mita 2, ilitenganisha mwaka wa kilio na mwaka wa nderemo. Maji yakipungua, ardhi ya juu haikufikiwa, na yakizidi, matuta yalibomoka na kupanda kukachelewa. Mtunzi anamwona mpaji kwa ukamilifu, lakini anawaona watu hasa wanapopokea, wanapotoa sadaka na wanaposhangilia. Baina ya maji kuja na mkate kuliwa kuna miezi isiyopungua sita ya kazi, na kazi hiyo ndiyo aliyoipa nafasi ndogo.

Mkulima wa darasani

Kuna hati ya mafunjo iitwayo Sallier II, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London. Ndani yake mmenakiliwa utenzi wa Hapi, na mmenakiliwa pia utungo wa dhihaka ambamo baba aitwaye Khety anampeleka mwanawe Pepi kwenye shule ya ukarani, na njiani anamsimulia ubaya wa kila kazi nyingine. Mkulima yumo, akilalamika kwa sauti ya kuchosha, amechoka na ni mgonjwa. Yaani mkono uleule wa mwanafunzi uliandika sifa za maji, na katika hati ileile ukamdhihaki mtu anayeyageuza maji kuwa nafaka. Sioni dalili kwamba jambo hilo lilimsumbua aliyenakili.

Hati nyingine ya shule inakwenda mbali zaidi. Inaorodhesha misiba ya mkulima mmoja baada ya mwingine: viwavi, kiboko, panya, nzige, ndege, wezi. Anapodhani yamekwisha, karani anashuka ufukweni kudai nafaka ya kodi, akiwa na watu wenye fimbo. Nafaka haipo. Mkulima anapigwa na kufungwa, na mkewe na watoto wanafungwa mbele yake.

Je, tuuchukue utungo huo kama ushahidi? Wako wanaousoma kana kwamba ni taarifa ya mwandishi wa habari. Mimi nauona kwanza kama tishio. Mwalimu anataka vijana wakae kitako waandike, na anawatisha kwa jembe. Amezikusanya balaa za miaka mingi akazimwaga juu ya mtu mmoja katika msimu mmoja. Lakini tishio hufanya kazi pale tu linapojengwa kwa vitu ambavyo msikilizaji anavijua. Wanafunzi walijua kwamba ndege hula mbegu, kwamba panya humaliza ghala, na kwamba kodi hudaiwa kwa fimbo. Kwa hiyo jumla yake imetiwa chumvi, ilhali kila kipande chake kinaaminika.

Jambo linalonigusa zaidi katika utungo huo ni kwamba karani ni mmoja wa misiba ya mkulima, tena ndiye wa mwisho na mzito kuliko yote. Mwandishi anajua hivyo na anakiandika kwa mkono wake. Hata hivyo hasemi kwamba kodi ipunguzwe au fimbo iwekwe chini. Anachomwambia kijana ni kuhakikisha kwamba atakuwa upande wa fimbo. Utungo haumhurumii mkulima, unamtumia. Wala hauulizi nani atalima endapo kila kijana mwenye akili atakuwa karani. Sisi tunaosoma vyuoni Afrika Mashariki tunaijua sauti hiyo. Wengi wetu tumeambiwa tusome ili tusirudi kwenye jembe, na waliotuambia hivyo ndio waliouza mazao yao watulipie karo.

Barua za Heqanakht

Katika msimu wa uchimbaji wa 1921–1922, wachimbuaji wa Metropolitan Museum of Art ya New York wakiongozwa na Herbert Winlock walikuta karatasi za mafunjo katika eneo la makaburi la Deir el-Bahri, karibu na Thebes. Zilikuwa barua na hesabu za mtu aitwaye Heqanakht, kuhani aliyehudumia kaburi la waziri mmoja, na ambaye pia alikuwa na mashamba ya familia. Ni za mwanzo wa Enzi ya Kati, karibu miaka 4,000 iliyopita. Ziliwahi kumvutia Agatha Christie, ambaye alizitumia kama msingi wa riwaya yake ya upelelezi Death Comes as the End. Mimi nazisoma kwa sababu nyingine: katika barua hizi mafuriko yanazungumzwa na mtu ambaye asipoyahesabu vizuri watu wa nyumbani kwake watalala njaa.

Heqanakht yuko mbali na nyumbani. Anamwandikia Merisu, anayemsimamizia shamba, na watu wote wa nyumba. Anamwambia kwamba kila kipande cha ardhi yao kitakachofikiwa na maji ni jukumu lake, na kwamba huu si mwaka wa uvivu. Anaagiza watu wawili waende kukodi shamba jingine, na anaeleza walipe kwa nini. Kuna kitambaa kilichofumwa nyumbani, na akiba ya nafaka iguswe tu ikibidi. Anataka ardhi yenye maji mazuri, si ardhi yoyote. Analalamika kwamba ameletewa shayiri kuukuu iliyokauka ilhali wao nyumbani wanakula shayiri nzuri. Kisha anapanga posho ya kila mmoja kwa jina, akiwakumbusha kwamba kwingine watu wana njaa kuliko wao. Anafika hadi kusema kwamba huko aliko wameanza kulana wao kwa wao, maneno ambayo bila shaka ameyatia chumvi ili wanyamaze.

Tazama tofauti iliyopo kati ya barua hizi na utenzi. Katika utenzi, maji yakipungua nchi nzima inahuzunika. Katika barua, maji yakipungua posho ya mtu fulani inapunguzwa kwa kiasi fulani, na mtu huyo atanung'unika, na mwenye nyumba anajua atanung'unika, kwa hiyo anajibu manung'uniko hayo kabla hayajasemwa. Msimu umeingia jikoni. Umeingia pia katika ugomvi wa nyumba, kwa kuwa katika barua hizohizo Heqanakht anamtetea mke wake mpya ambaye wengine hawampendi, anaamuru mtumishi mmoja wa kike afukuzwe, na anataka kijana Snefru aachiwe afanye anavyopenda. Mambo haya si porojo za pembeni. Mwaka wa maji machache ndio mwaka ambao kila mdomo unahesabiwa, na hapo ndipo swali la nani ni wetu na nani si wetu linapokuwa swali la chakula.

Jambo la pili ni muda. Herodotus anaueleza msimu kama kitu kinachotokea chenyewe. Heqanakht anaueleza kama maamuzi yanayopaswa kufanywa kabla kitu hakijatokea. Shamba la kukodi lazima litafutwe mapema, mbegu lazima itengwe hata kama watu wana njaa, na kitambaa lazima kiwe kimeshafumwa. Anayengoja maji yajitoe ndipo aanze kufikiri amechelewa. Kwa maoni yangu haya ndiyo maelezo bora ya kalenda ya Misri tuliyo nayo, ingawa hayataji nyota wala miungu ya misimu kwa urefu.

Msomaji anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake ni la haki. Heqanakht hakuwa mkulima maskini. Alikuwa na ardhi, ng'ombe, wafanyakazi na wadeni, na wakati watu wake wanalima yeye alikuwa mahali pengine akitoa amri. Barua zake ni sauti ya bwana shamba. Nakubali. Sauti ya yule aliyeshika jembe kwa mkono wake haikuandikwa, kwa sababu hakujua kuandika, na waliojua walikuwa wakifundishwa kumcheka. Ubora wa barua hizi haumo katika kumpa mkulima sauti. Umo katika kwamba mwandishi wake hawezi kuzungumzia mto bila kuzungumzia watu wanaofanya kazi, kwa majina yao na vipimo vyao. Hilo utenzi haukulifanya.

Jembe baada ya kifo

Kama mkulima hakuandika, je, tuna njia nyingine ya kujua kazi yake ilikuwa na uzito gani? Nadhani ipo, na inapatikana kwa wale ambao hawakulima. Wamisri waliamini kwamba huko ahera kuna mashamba ya Iaru, yenye mifereji na nafaka ndefu. Katika kaburi la Sennedjem, fundi wa Deir el-Medina, yeye na mkewe Iyneferti wamechorwa wakilima na kuvuna humo wakiwa wamevaa kitani cheupe kisicho na tone la tope. Ni peponi, na watu wanapendeza.

Lakini makaburini mlikuwamo pia vijisanamu viitwavyo shabti. Maneno yaliyoandikwa juu yake yanavitaka viitikie badala ya marehemu pindi atakapoitwa kulima, kunywesha mashamba au kubeba mchanga. Katika kaburi la Tutankhamun vilikutwa 413: 365 vya kufanya kazi, kimoja kwa kila siku ya mwaka, na vilivyobaki vya kuwasimamia. Fikiria maana yake. Mfalme aliyezikwa kwa dhahabu alihofia kuitwa kwenye kazi ya matuta hata baada ya kufa, na akajiandalia watu wa kumwakilisha kila siku ya mwaka, siku zile 5 za nyongeza zikiwamo. Kama kilimo cha Nile kingekuwa chepesi kama alivyodai Herodotus, nani angejihadhari nacho hivyo? Ushahidi huu nauona mzito kwa sababu haukukusudiwa kuwa ushahidi. Walioagiza shabti hawakutaka kumtetea mkulima. Walitaka kuikwepa kazi yake, na kwa kuikwepa wakatuambia ilivyokuwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba maandishi kuhusu mafuriko ya Nile hayana uzito sawa. Herodotus alitupa kauli ya kukumbukwa na picha isiyotosha. Utenzi wa Hapi ulitupa heshima kwa maji na woga wa kuyakosa, ukawaacha wafanyakazi nyuma ya mungu. Tungo za shule ya ukarani zilimwonyesha mkulima, lakini ili kumkimbia. Heqanakht, pamoja na ubahili na ukali wake, alitupa msimu wenyewe: ardhi ipi, mbegu kiasi gani, nani afanye, nani ale.

Jambo hili halihusu watu wa kale peke yao. Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, mto haufuriki tena Misri, na mabishano ya maji yamehamia mezani kwa wanasiasa. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji ya Nile kwa mkataba ambao Ethiopia haikuwamo, wala sisi. Mwaka 2010 nchi kadhaa za juu, Uganda ikiwamo, zilianza kutia saini mkataba mwingine hapa kwetu Entebbe. Ethiopia nayo ilianza kujenga bwawa lake kubwa mwaka 2011. Katika mabishano hayo, lugha ya zawadi bado inatumika, kana kwamba mto ulitolewa mara moja kwa watu fulani na jambo likaisha. Lugha hiyo haiwataji wanaoishi kwenye milima inayotoa maji, wala haiwataji wanaolima kando ya mto.

Ndiyo maana ningependa walimu wanaofundisha somo hili waanze na barua kabla ya utenzi, na shabti kabla ya Herodotus. Mwanafunzi akishajua nani alikuwa akipunguziwa posho katika mwaka wa maji machache, hapo ndipo asomewe sifa za Hapi. Atazielewa vizuri zaidi, na huenda akazipenda zaidi, kwa sababu atajua mkate unaosifiwa ulipitia mikono ya nani.